Kadi 200, faida sifuri: nilivyojifunza kulalamika kwa kampuni ya kompyuta hadi wakanijibu

Leo sina ofa wala bidhaa mpya. Nina stori ya hasara, na ndani yake kuna somo ambalo natamani mtu angeniambia mapema. Ni ndefu kidogo, lakini kama unatumia kompyuta kwenye biashara yako, soma hadi mwisho.

Mimi nina duka la steshenari hapa Morogoro, njia ya kwenda stendi ya Msamvu. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua na mitihani, na msimu wa harusi ukifika natengeneza kadi za mchango na kadi za mwaliko. Elimu yangu ni kidato cha nne. Mambo ya kudizaini nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video na kuharibu karatasi nyingi.

Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba. Ilipokufa nikasema safari hii nanunua mpya, ya kwenye boksi. Nikapanda basi hadi Kariakoo, nikalipa 780,000. Niliuliza maswali yale tunayouliza wote: memori kiasi gani, prosesa ipi, chaji inakaa saa ngapi. Kuhusu kioo niliuliza kitu kimoja tu, ukubwa. Nikajibiwa inchi 15.6, nikaridhika.

KAZI ILIYONIFUNGUA MACHO

Wiki ya tatu akaja mama mmoja mwenye harusi ya binti yake. Oda ya kadi 200 za mwaliko, kila moja 1,500. Laki tatu. Akatoa advansi ya laki na nusu palepale. Rangi ya kamati: damu ya mzee.

Nikamtengenezea, nikamgeuzia kioo aangalie. Mimi nimekaa kwenye kiti, yeye amesimama pembeni yangu.

"Mwanangu, mbona imepauka? Sisi tumesema damu ya mzee."

Mimi nikiangalia naona iko vizuri. Lakini mteja ndiye mwenye harusi. Nikaikoleza.

"Ongeza tena kidogo."

Nikaongeza.

"Hapo hapo. Usiguse tena."

Nikachapa zote 200, nikakata, nikafunga utepe. Kwa mwanga wa taa ya usiku nilihisi zimekolea sana, nikajipa moyo kwamba ndivyo mama alivyotaka. Asubuhi nikazitoa nje kwenye jua. Aisee. Haikuwa damu ya mzee, ilikuwa rangi ya maini yaliyopikwa.

Mama alipokuja hakupiga kelele. Alifungua pochi, akatoa kipande cha satini ya sare ya kamati, akakilaza juu ya kadi, akanyamaza. Tukabaki tunaangalia wote wawili. Kisha akasema, "Sasa hizi mwanangu nitampelekea nani?"

Nikachapa upya. Karatasi, wino, utepe na nauli ya kufuata karatasi nyingine: 140,000 mara ya kwanza na 140,000 mara ya pili. Ikabaki elfu ishirini kwenye laki tatu, na hiyo nikampunguzia mama kama pole. Kazi ya wiki nzima, faida sifuri.

BARUA YA KWANZA, YA HASIRA

Usiku ule nilichukua laptopu ya jirani yangu wa duka la dawa, nikafungua faili lilelile la kadi. Kwenye mashine yake rangi ilikuwa nzito vilevile kama ilivyotoka kwenye karatasi. Kwangu ilionekana ya kawaida. Nikajua mchawi ni nani.

Nikaingia kwenye ukurasa wa huduma kwa wateja wa kampuni iliyotengeneza ile laptopu. Jina silitaji, somo la leo si jina. Nikaandika hivi:

"Kompyuta zenu ni vimeo. Mmeniharibia biashara. Rangi ni mbaya sana. Nirudishieni hela yangu."

Nikaambatanisha skrinishoti tatu kama ushahidi.

Baada ya siku mbili wakajibu kwa upole kwamba wameziangalia picha na hawajaona tatizo, kama lipo bado nieleze zaidi. Nilikasirika nusu nitupe simu. Nikasema hawa watu wanafanya makusudi.

Kumbe mjinga nilikuwa mimi. Kuna mwalimu wa Kiingereza anachapishia mitihani kwangu. Nikamuonyesha zile skrinishoti kwenye simu yangu nikilalamika. Akaniuliza, "Mdogo wangu, mbona hapa ziko vizuri tu?"

Fikiria kidogo. Skrinishoti haipigi picha ya kioo. Inanakili kile ambacho kompyuta imekituma kwenye kioo. Kikiwa kibovu, kimepauka au kina madoa, skrinishoti itatoka safi, na mtu wa upande wa pili ataiangalia kwenye kioo chake yeye. Nilimtumia mtu ushahidi usioonyesha tatizo langu, halafu nikamlaumu kwa kutoliona.

Na maneno niliyoandika? "Rangi ni mbaya sana." Mbaya vipi? Wapi? Saa ngapi? Ukilinganisha na nini? Hakuna hata neno moja ambalo fundi angelifanyia kazi.

NILICHOJIFUNZA KUHUSU VIOO

Kabla ya kuandika tena nilikaa wiki nzima nikisoma. Nakufupishia, maana hata kama hulalamiki, siku ya kununua itakusaidia.

Moja, aina ya kioo. Laptopu nyingi za bei ya chini, hasa za miaka ya nyuma, zina kioo cha TN. Ni cha bei rahisi, lakini rangi zake hubadilika kulingana na unakotazama. Ukikitazama kutoka juu kinapauka, ukikitazama kutoka chini kinakuwa cheusi. Aina nyingine ni IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki sana ukisogea. Sasa rudi kwenye stori ya mama. Mimi nimekaa, yeye amesimama. Kwenye kioo kimoja, wakati mmoja, tulikuwa tunaona rangi mbili tofauti. Alisema imepauka kwa sababu kweli alikuwa anaona imepauka. Hakuna aliyekuwa mwongo.

Mbili, kiasi cha rangi. Kuna kipimo kinaitwa sRGB, kilichotengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 ili vifaa tofauti vielewane kuhusu rangi. Kioo kizuri cha kazi ya picha kinaonyesha karibu rangi zote za sRGB. Vioo vingi vya bei ya chini vimeandikwa "45% NTSC", na hiyo ni kama asilimia 60 na kitu tu ya sRGB. Nyekundu iliyokolea inaonekana kama imefuliwa mara nyingi. Na angalia mtego hapa: hata kioo cha IPS kinaweza kuwa cha 45% NTSC. Kwa hiyo neno IPS peke yake halitoshi kama kazi yako ni rangi.

Tatu, idadi ya nukta. Kioo cha 1366 kwa 768 kina nukta milioni moja na ushee. Cha 1920 kwa 1080 kina zaidi ya milioni mbili, yaani karibu mara mbili. Kwa maandishi madogo ya kadi tofauti unaiona kwa macho.

Nne, mwangaza. Unapimwa kwa niti. Vioo vingi vya bei ya chini vina niti 220 hadi 250. Ndani ya duka inatosha, lakini kama meza yako iko barazani kwenye mwanga wa jua, utakuwa unaangalia sura yako mwenyewe.

Tano, hii ilinishangaza. Laptopu mbili za modeli moja zinaweza kuwa na vioo kutoka viwanda tofauti. Kampuni za laptopu hununua vioo kwa watengenezaji kama BOE, AUO, Innolux na LG Display, na modeli moja inaweza kupokea kutoka kwa zaidi ya mmoja. Ndiyo maana rafiki yako anaweza kuisifia laptopu na wewe ukanunua ileile ukajuta. Kwenye Windows unaweza kujua chako kimetoka wapi: ingia sehemu ya kusimamia vifaa, fungua monita, angalia kitambulisho chake. Utaona herufi kama BOE au AUO zikifuatiwa na namba. Hiyo kodi iandike, utaihitaji.

KWANZA HAKIKISHA KOSA SI LAKO

Kabla hujamwandikia mtu yeyote, fanya haya. Watakuuliza tu, bora uwe umeshayamaliza.

Zima mwanga wa usiku, ule unaofanya kioo kiwe cha njano. Chomeka chaji, maana mashine nyingi hupunguza mwangaza na kubadilisha rangi kidogo zikiwa kwenye betri. Sasisha draiva ya picha. Futa kioo kwa kitambaa laini. Kisha chomeka monita nyingine kwenye laptopu hiyohiyo. Kama tatizo linaonekana na huko, huenda shida si kioo, ni programu au draiva. Kama monita ya nje iko sawa, umembana mhusika.

JINSI YA KUPIGA PICHA KIOO

Hapa nilikwama. Skrinishoti haifai. Simu nayo ina tabia ya kurekebisha rangi yenyewe, kwa hiyo ukipiga kioo peke yake, simu inaweza kukificha kilichoharibika.

Nikakumbuka kile kipande cha satini. Mama hakunieleza kwa maneno kwamba rangi imekosewa. Aliweka kilicho sahihi kando ya kilichokosewa, basi. Hata angekuwa bubu ningemwelewa.

Nikaazima tena laptopu ya jirani. Nikaziweka mbili sambamba, picha moja kwenye vioo vyote viwili, mwangaza nimeusawazisha, taa ya juu nimeizima isiakisi. Nikapiga zote mbili kwenye picha moja ya simu. Simu ikirekebisha rangi inarekebisha kote kwa pamoja, tofauti kati yake inabaki palepale.

Nikapiga nikiwa nimekaa, nikapiga nikiwa nimesimama, nikapiga kutoka ubavuni. Halafu nikafungua kurasa tupu: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani, bluu. Ile nyeusi niliipiga usiku taa zote zimezimwa. Hapo ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: kona ya chini kushoto kulikuwa na mwanga mweupe unavuja kama tochi iliyofichwa chini ya shuka.

TENGANISHA HITILAFU NA MAONI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye andiko hili.

Hitilafu ni kitu ambacho mashine yako inacho na hakikutakiwa kuwepo: mwanga kuvuja, mistari, nukta zilizokufa, kioo kinachochezacheza. Hiyo inakwenda kwa watu wa waranti. Kwa nukta zilizokufa ujue kwamba kampuni nyingi zina idadi ndogo wanayoiruhusu kabla ya kubadilisha kioo, na kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9241-307, kinachogawa madaraja ya nukta hizo. Kwa hiyo zihesabu, usiseme tu "zipo nyingi".

Maoni ni kitu ambacho mashine imetengenezwa hivyo, na wewe unaona hakifai: rangi chache, mwangaza mdogo, kioo kinachopauka ukisimama. Hapo hakuna kilichoharibika. Huyo mtu wa waranti hana cha kukufanyia hata akikuonea huruma. Yanatakiwa yaende kwa watu wanaopanga bidhaa.

Ukivichanganya, ujumbe unaangukia kwa mtu asiyehusika, na anaufunga kwa jibu la "asante kwa kuwasiliana nasi".

BARUA YA PILI

Niliiandika kwanza kwa Kiswahili, sentensi fupifupi. Yule mwalimu akanigeuzia kwa Kiingereza, mimi nikamtolea mitihani yake ya darasa moja bure. Ilikuwa hivi:

"Habari. Nina duka la uchapaji. Nimenunua laptopu yenu, modeli ni hii, namba ya seriali ni hii, tarehe ya risiti ni hii. Nina mambo mawili.

La kwanza ni hitilafu. Kona ya chini kushoto mwanga unavuja. Unaonekana kioo kikiwa cheusi na chumba kikiwa na giza. Angalia picha namba 1.

La pili ni maoni. Rangi zinabadilika mtu akisimama na akikaa. Picha namba 2 na 3 zinaonyesha laptopu yangu kushoto na nyingine kulia, faili moja, mwangaza sawa. Nimezima mwanga wa usiku, nimechomeka chaji, nimesasisha draiva, hali ni ileile. Kodi ya kioo ni hii.

Madhara: mteja wangu na mimi tuliona rangi mbili tofauti kwenye kioo kimoja, nikarudia kuchapa kadi 200 kwa gharama ya shilingi 140,000.

Ninaomba mawili. Mkague hiyo kona kwa waranti. Na muandike kwenye boksi na kwenye matangazo aina ya kioo na kiasi cha rangi kinachoonyesha, ili mtu wa uchapaji ajue kabla ya kulipa. Nipo tayari kutuma picha zaidi."

Hakuna tusi, hakuna "vimeo", hakuna "mmeniharibia". Ukiisoma unaona kila mstari una kazi yake. Mashine ipi, tatizo lipi, ushahidi upi, nimejaribu nini, limenigharimu nini, nataka nini. Mtu aliyekaa ofisini nchi nyingine, ambaye hajawahi kuona duka langu, anaweza kuliona tatizo kama vile amesimama kaunta.

WALIJIBU NINI

Siku ya tatu wakajibu. Wakaomba nakala ya risiti, wakanipa namba ya shauri na jina la kituo cha huduma Dar es Salaam. Nikaipeleka. Fundi akaizima taa, akaangalia kona, akatikisa kichwa, akasema "hii inabadilishwa". Siku tisa baadaye nikaichukua ikiwa na kioo kipya. Sikulipa hata mia zaidi ya nauli.

Sasa ukweli ambao wengine wangeuruka. Kile kioo kipya rangi zake zilikuwa zilezile. Kuhusu rangi waliniandikia wazi kwamba hivyo ndivyo vipimo vya modeli hiyo, si hitilafu, na hela hairudi. Kuhusu boksi wakaandika kwamba maoni yangu yamepelekwa kitengo cha bidhaa.

Niliumia? Ndiyo, kidogo. Lakini nikiwa mkweli, walikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeuliza inchi tu. Na wao walikuwa wameandika inchi tu. Kila mmoja alikuwa na fungu lake.

Nimewahi kuulizwa na mwenzangu mmoja hapa Msamvu, "Sasa ulipoteza muda wa nini? Kampuni kubwa itamsikiliza muuza kopi?" Nikamjibu kwa mfano mmoja. Mwaka 2015 David Hill, aliyekuwa mkuu wa usanifu pale Lenovo, alitoa wazo la kutengeneza ThinkPad ya kisasa yenye sura ya zile za zamani, akawauliza wateja wanataka nini. Watu walijibu kwa wingi, kuanzia kibodi hadi kioo. Oktoba 2017 ikatoka ThinkPad 25, miaka 25 tangu ThinkPad ya kwanza ya mwaka 1992. Kibodi ya zamani ya mistari saba ikarudi. Kioo kirefu cha 16 kwa 10 ambacho wengi walikililia hakikurudi kwenye mashine ile, kikawekwa kilekile cha 16 kwa 9. Lakini mwaka 2021 X1 Carbon ikatoka na 16 kwa 10. Mimi sisemi ni barua ya mtu mmoja iliyofanya hivyo. Nasema kiwanda hakina macho dukani kwako. Kinachokijua kuhusu duka lako ni kile ulichokiandikia.

USIMRUKE MUUZAJI

Kosa lingine nililofanya ni kumruka yule kaka wa Kariakoo. Niliporudi Dar kuchukua mashine nikampitia, nikamuonyesha zile picha mbili kwenye simu. Sikugomba.

"Kaka, ningejua hii ni TN na rangi zake ni chache, ningeongeza laki nikachukua nyingine. Ungepata hela zaidi kutoka kwangu."

Akaangalia picha kwa muda. "Mdogo wangu, wateja hawaniulizi hayo mambo."

"Kwa sababu hatuyajui. Wewe andika, tutauliza."

Baada ya kama mwezi nikaona kwenye status yake ya WhatsApp ametangaza laptopu tatu. Chini ya bei ameandika: kioo IPS, 1920 kwa 1080. Hajaandika kiasi cha rangi bado. Nimemkumbusha.

Na ujue haki yako pia. Tanzania tuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Ukiuziwa kitu kwa maelezo ya uongo na muuzaji akagoma, unaweza kupeleka malalamiko huko. Lakini nenda na risiti na ushahidi. Bila risiti, wewe ni mpita njia tu.

NILICHOBADILISHA DUKANI

Moja: nimenunua monita ya mtumba ya IPS, nimeichomeka kwenye ileile laptopu. Kazi za rangi nafanyia huko.

Mbili: hakuna oda ya rangi inayochapwa bila sampuli. Natoa kadi moja kwenye karatasi ileile, tunatoka nje kwenye mwanga wa mchana, mteja anaweka kitambaa chake kando, akiridhika anasaini nyuma ya sampuli. Maana hata kioo cha milioni tatu kinaonyesha rangi kwa mwanga, na karatasi inaonyesha kwa wino. Haviwezi kufanana moja kwa moja. Sampuli inanigharimu kama mia nane. Kadi 200 zilinigharimu 140,000. Piga hesabu mwenyewe.

Tatu: nimeweka daftari la malalamiko kaunta. Zamani mteja akilalamika nilikuwa najitetea: "printa ilisumbua", "umeme ulikatika". Sasa namuuliza maswali yaleyale niliyojiuliza mwenyewe. Ni kazi ipi? Tatizo liko wapi, nionyeshe? Ulitaka iweje? Nifanye nini sasa? Naandika mbele yake. Wengi hasira inaisha kalamu ikianza kutembea.

Na yule mama? Alirudi mwezi wa nane, kadi 150 za kipaimara cha mjukuu. Kabla hata sijamwamkia vizuri, akafungua pochi akatoa kipande cha kitambaa, rangi ya zambarau. Akakiweka kaunta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tunaanzia hapa."

KWA UFUPI, KABLA HUJATUMA MALALAMIKO KWA KAMPUNI YOYOTE

Andika modeli, namba ya seriali na tarehe ya risiti. Tenganisha hitilafu na maoni. Piga picha ya kibovu na kizima vikiwa pamoja, usitume skrinishoti ya kioo. Sema ulichojaribu tayari. Taja hasara kwa namba. Omba kitu kimoja au viwili vinavyowezekana. Ukimaliza, lala, asubuhi isome tena ukiwa huna hasira, ndipo utume.

Na wewe, umewahi kulalamika kwa kampuni wakakujibu? Au ulipuuzwa? Ulisemaje? Andika hapo chini, tusaidiane. Na kama kuna mwenzako anajiandaa kwenda kununua laptopu ya dukani, mtumie andiko hili kabla hajapanda basi.